Kwa Neno la Mjomba

Jumatatu, 2 Juni

Bila mimi hospitali hii ni ghala la vitanda tu. Naandika wazi, maana daftari ni langu na humu hakuna wa kunibishia. Daktari anatibu, sawa. Muuguzi anadunga sindano, sawa. Lakini jibu la damu linatokaje maabara likamfikia daktari? Linapita kwenye waya. Na waya umevutwa na nani? Haya basi.

Miaka kumi na tisa! Kila waya wa kompyuta ulio ndani ya kuta hizi umepita kwenye viganja hivi viwili. Shule niliishia darasa la sita, lakini wahandisi wenye vyeti vya kutundika ukutani wamesimama mbele yangu wakikuna vichwa, kumi nzima, nami nikawaonyesha njia kwa kidole kimoja. (Walikuwa wawili. Lakini walikuna kama kumi.)

Leo ameanza kazi mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mhandisi wa mitandao, wa chuo kikuu kabisa. Amerithi jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo tangu anabebwa mgongoni mimi namwita Mama. Yeye ananiita Mjomba. Kufika saa nne asubuhi idara nzima ilikuwa inaniita Mjomba, hata bosi, ambaye amenizidi miaka mitatu!

Bosi huyu, kwa siri, tunamwita Bwana Ripoti. Amempa Mama kazi mbele yangu: achore mtandao wote wa hospitali. Kila kompyuta, kila waya, kila sanduku, na kipi kimeshikana na kipi. Makao makuu wanautaka mchoro. Mkaguzi anakuja Ijumaa ya tarehe 27. Mchoro ukipita, Mama anaajiriwa moja kwa moja. Usipopita, mkataba wake wa majaribio ni wa mwezi mmoja tu, na mwezi una tarehe zake.

Haujawahi kuchorwa mtandao huu. Wa nini kuchorwa? Nikamwambia uko hapa – nikagonga kichwa. Mama akacheka, akanipa madaftari mawili mapya. Moja niandike kila ninachokumbuka cha nyaya. La pili niandike ninachotaka mwenyewe.

Nashukuru sana. Mtu wa mwisho kushughulika na daftari langu alikuwa mwalimu wa la sita, na yeye alininyang'anya.

Jumanne, 3 Juni

Tumefungua kabati kuu kwenye chumba cha mitambo. Nyaya zimening'inia kama tambi, lakini kila mmoja una kipande cha plasta na jina, mwandiko wangu. Nilisimama pembeni nikingoja kusifiwa.

"Mjomba, huyu Kipara ni nani?"

Mhasibu. Amestaafu miaka tisa iliyopita. Waya wake siku hizi unatumiwa na duka la dawa.

"Na Mama Mihuri?"

Wa masjala. Kahamia mji mwingine. Pale sasa wanakaa watu wa bima.

"Kikohozi?"

Daktari wa kifua. Alikuwa anakohoa kuliko wagonjwa wake.

Mama alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akafuta machozi. Akaniangalia, akasema, "Mjomba, ukiugua wiki mbili tu, hospitali hii haijui tena iko wapi."

Nilivimba kichwa siku nzima. Nimefika nyumbani, navua viatu, ndipo nimeelewa kwamba haikuwa sifa.

Alhamisi, 5 Juni

Mama ana sheria moja, ngumu kama jiwe: kisichoonwa hakichorwi. Mimi namwambia waya huu unakwenda wodi ya watoto, yeye anachomeka kidude upande huu, tunatembea hadi wodi ya watoto na kidude kingine mkononi, tunakisogeza ukutani mpaka kilie kama kifaranga. Kikilia, ndiyo anachora. Kisha anaandika pembeni mwa mstari, kwa herufi ndogo: umeonwa, tarehe, na nani kauona.

Nikasema, mimi naapa, tuokoe miguu.

"Viapo havina rangi kwenye mchoro wangu, Mjomba."

Basi tumetembea. Mama wa usafi, yule wa ghorofa ya pili, ametupita mara nne na ndoo yake. Mara ya tano akashindwa kuvumilia: "Leo Mjomba unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia!" Nikamwambia yai litakalotoka atalipigia saluti. Akasema atakuja na kikaango.

Nyaya ishirini na sita leo. Ishirini na tano nilipatia. Mmoja – wa Sista Haraka – nilisema wodi namba tatu, kumbe namba nne. Mama hakusema kitu. Akachora tu. Nashukuru kwa hilo, maana ningekuwa mimi ningesimulia hadi mwakani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma! Mama alikuwa anasoma ripoti za zamani za Bwana Ripoti kwenda makao makuu. Imeandikwa humo: "Swichi za mtandao: 143." Mama akashtuka. Swichi za mtandao ni yale masanduku yenye vitaa vinavyokonyeza, yanayogawa nyaya. Sisi tunazo tisa. Tisa tu! Mia moja na arobaini na tatu zimetoka wapi?

Mimi nikakumbuka. Mwaka ule bosi alimtuma mlinzi ahesabu swichi. Mlinzi naye ni mtu wa kazi – akazunguka jengo zima akahesabu swichi za taa. Ukutani. Zile za kuwasha na kuzima. Hata za chooni alihesabu.

"Na hakuna aliyeuliza?" Mama akauliza.

Nani aulize? Namba ilikuwa kubwa, makao makuu wakapendezwa.

Mama hakucheka sana kama mimi. Akafunga faili taratibu. "Ndiyo maana tunatembea, Mjomba."

Jumatano, 11 Juni

Ugomvi wa kwanza. Mama amechora karatasi kubwa, masanduku na mistari, safi kama shati la harusi. Halafu juu, pale intaneti inapoingilia, amechora wingu. Wingu! Nikamwambia, Mama, intaneti yetu haitoki mbinguni, inaingia chini ya choo cha wageni, shimo nimelichimba mwenyewe. Tukiweka wingu mkaguzi atadhani tunangoja mvua.

Akaniambia ndivyo wanavyochora dunia nzima: kila kilicho nje, usichokijua undani wake, unakifanya wingu. Nikafikiri kidogo. Ni jambo la busara kumbe. Wako watu kadhaa ningewachora hivyo.

Mchana, tukiwa uani, nikampa kisa cha bomba. Kati ya jengo la zamani na jipya kuna bomba chini ya ardhi, halina hata kamba ya kuongozea waya. Wataalamu walisema haiwezekani, vunja uwanja. Mimi nikachukua mfuko wa nailoni, nikaufunga uzi, nikauweka mdomoni mwa bomba. Upande wa pili nikaweka mashine ya kufyonza vumbi. Nikaiwasha. Mita mia tatu! Mfuko ulipita kama risasi, mashine ikanguruma, na wagonjwa wawili waliokuwa hawawezi kutembea wakakimbia hadi getini.

Mama wa usafi alikuwa anaanika matambara: "Mwaka jana ulisema mgonjwa alikuwa mmoja."

Mpwa wangu akatoa futi yake ndefu akapima. Mita sitini na mbili.

Nikasema ardhi hujikunja kwa baridi. Lakini uzi ulipita kweli! Hilo la uzi na mashine ni kweli tupu. Mama akaliandika kwenye kumbukumbu za mchoro: "Waya ulipitishwa kwa mfuko na mashine ya vumbi." Kaandika! Kwa mashine, herufi za kuchapa! Nimeomba anitolee nakala, nimeikunja, iko mfukoni.

Ijumaa, 13 Juni

Ngazi, mara kumi na moja. Goti la kushoto linadai talaka. Nyaya themanini na nne zimeonwa. Zimebaki hamsini na kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Dada kapiga simu saa ya chakula. "Unamsaidia mwanangu au unamsimulia?" Nikasema vyote viwili. Akasema, "Punguza kimoja."

Baada ya kukata simu nimekaa. Kuna jambo sijawahi kumwambia. Sisi tulipokuwa wadogo, mmoja ilibidi abaki nyumbani kulea wale wadogo zaidi. Dada alikuwa na akili kunishinda. Nimeandika, basi, limeandikwa. Akabaki yeye, nikaenda mimi – na mimi nikaishia la sita, si kwa sababu ya ada wala maradhi, kwa utoro tu na mpira. Sasa mwanawe yuko pale anachora, ulimi ameung'ata pembeni mwa mdomo, vilevile kama mama yake alivyokuwa aking'ata akichambua mchele. Natazama ule ulimi nasema kimoyomoyo, asante.

Lazima apate kazi hii. Lazima! Kama ni kumbeba mgongoni tena, nambeba.

Alhamisi, 19 Juni

Limebaki jambo moja. Nyaya zote zimeonwa isipokuwa mmoja.

Maabara ndiyo roho ya hapa. Iko jengo la zamani. Kutoka chumba cha mitambo hadi kule, mtandao unapita kwenye lile bomba la uani. Huo ndio waya wa kwanza. Ukikatika huo, majibu ya damu yanatembea kwa miguu ya wahudumu, karatasi mkononi. Imewahi kutokea. Kwa hiyo miaka sita iliyopita bosi aliniagiza nivute njia ya pili, ya akiba, ivuke juu ya paa la kibaraza kinachounganisha majengo, ipite darini, mbali na bomba. Wa kwanza ukifa, wa pili unadaka. Na kila mwaka Bwana Ripoti huandika: njia ya pili ipo.

Mama alitaka aione. Dari la jengo la zamani limefungwa na wajenzi tangu mwaka jana, mbao zimeoza, hapandi mtu. Upande wa maabara, mkuu wao ni mkali kama pilipili: kabati lake halifunguliwi mpaka saa ya ukaguzi, siku hiyo hiyo ya tarehe 27. Upande wetu mwisho wa waya unaonekana, umeandikwa "Maabara 2", unapanda unapotelea darini.

"Mbona taa yake haiwaki, Mjomba?"

"Ni wa akiba, Mama. Mchezaji wa akiba anakaa benchi."

Alicheka. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Lakini upo? Unafika?"

Nikamwambia, "Nimeuvuta mwenyewe."

Akaniangalia kidogo. Halafu akageukia laptopu, akachora mstari mzima, wa kijani, kutoka kwetu hadi maabara. Pembeni, pale anapoandika umeonwa na tarehe, leo hakuandika hivyo. Aliandika: *kwa neno la Mjomba*.

Mistari mia moja na thelathini na tisa, yote imeonwa. Mmoja tu ndio kwa neno. Neno langu!

Jumamosi, 21 Juni

Nimemsimulia mke wangu juu ya lile neno. Akafurahi. Akasema, "Sasa maneno yako yamepata pa kukaa." Baadaye aliniwekea chakula, nikakitazama tu. Akauliza mbona sisimulii kitu kingine. Nikasema nimechoka.

"Ukinyamaza wewe, kuna kitu kimekufa mahali."

Nikasema ni goti.

Jumatatu, 23 Juni

Mama ameuchapa mchoro, karatasi pana kama shuka, kautundika ukutani kwa majaribio. Watu wamejaa! Pembeni kuna jedwali: namba ya waya, chumba, kazi yake. Na safu ya mwisho kabisa inaitwa "Jina la zamani". Humo kawaweka wote. Kipara. Mama Mihuri. Kikohozi. Sista Haraka. Bibi Kimya wa mapokezi, ambaye alifariki zamani na hakuna kitu kingine chenye jina lake humu ndani zaidi ya plasta yangu.

Nilimwuliza Mama, makao makuu watayafanyia nini majina haya? Akajibu hawatayafanyia kitu, lakini fundi akikuta plasta imeandikwa Kipara ajue ni waya gani. Kisha akasema, "Na pia ni watu, Mjomba."

Mama wa usafi alisoma orodha yote kwa kidole. Akafika mwisho akasema, "Kumbe ulikuwa unatuandika." Bila utani. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Nimeondoka pale haraka, nimejifanya nakwenda stoo. Wanangu wako mbali, bosi ananijua kwa kuchelewa, na leo kuna karatasi inasema nilikuwepo na niliwaona watu. Namshukuru Mungu, namshukuru dada, namshukuru huyu mtoto. Na kwenye karatasi hiyohiyo uko mstari wa kijani.

Mara tatu nilimwita. "Mama." "Naam, Mjomba?" "Basi, nenda kale."

Jumanne, 24 Juni

Nimesema.

Chumba cha mitambo, asubuhi, mafeni yanaunguruma. Nikamwambia bila kukaa: ule waya wa darini haufiki. Nilianza kuuvuta, sikumaliza. Umefika nusu, uko juu kule na bunda lake. Siku ile nilimwambia bosi tayari, na nikasema nitamalizia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka sita.

Hakupiga kelele. Nilitaka apige. Aliuliza mambo ya kazi: nusu ya upande gani? Umebaki mita ngapi? Nikajibu. Akauliza kwa nini sikumaliza, nikasema waya uliisha.

"Umesema bunda liko juu."

"Lilibaki kidogo."

Sauti yake ikawa ndogo. "Sheria yangu niliivunja mara moja tu, Mjomba. Kwa sababu ni wewe. Nimeandika neno lako kwenye karatasi inayokwenda makao makuu."

Ningepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Nikamwambia tupande leo tumalizie. Akatikisa kichwa: dari limefungwa, nikianguka nitakuwa mgonjwa mwingine, na hata tukivuta leo, uongo wa miaka sita hauvutiki. Alifungua laptopu. Akabofya ule mstari. Ukawa vipande vipande, kama nyayo za mtu anayetembea. Mstari wa vipande maana yake kitu hakijajengwa, kinangojewa. Akafuta "kwa neno la Mjomba". Mahali pake akaandika: "Haujakamilika. Nusu ipo darini."

Kufuta kulichukua sekunde moja.

Baadaye, saa sita, alikuja na vikombe viwili vya chai. Akanipa kimoja. "Umeniambia kabla ya Ijumaa," akasema. "Asante, Mjomba." Ananishukuru mimi! Chai ilinipalia.

Jumatano, 25 Juni

Bwana Ripoti kauona mchoro mpya.

"Hivi vipande ni nini?"

"Njia ya pili, bosi. Haijajengwa."

"Miaka sita ripoti zinasema ipo."

"Ripoti zinasema. Mimi nachora."

"Unganisha. Mkaguzi ana kitambi, hapandi dari huyo."

"Waya wa chini ukikatika, bosi, watu watatazama mchoro huu wakidhani upo wa kudaka. Watasubiri. Mgonjwa anangoja damu na wao wanasubiri waya ambao haupo. Kitambi cha mkaguzi kitamsaidia nini?"

Bosi akavua miwani, akaipangusa polepole. "Binti, barua yako ya ajira iko mezani kwangu. Haijatiwa sahihi."

"Najua ilipo," Mama akasema.

Na mimi? Mimi, mtu wa wahandisi kumi? Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ngazi. Ngazi haikuegemea popote. Nimeishika tu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda kwa bosi peke yangu. Nikasema kesho mbele ya mkaguzi nitasema ni mimi niliyemdanganya. Yeye aliandika alichoambiwa, mtoto hana kosa. Akasema, "Umebakiza miaka mitano ustaafu. Fikiria." Nikasema nimefikiria. Akasema, "Basi fikiria tena."

Mke wangu nimemwambia yote jioni. Kanipigia pasi shati jeupe. Hakunilaumu, amesema tu, "Kesho sema kwa kifupi, baba. Kwa mara moja maishani, kwa kifupi."

Ijumaa, 27 Juni

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Naandika gotini, samahani mwandiko. Samahani kwa nani? Haya.

Mkaguzi ni mwanamke! Hana kitambi hata kidogo. Mwembamba, viatu vya kutembelea, anasoma kila mstari kwa kalamu. Asubuhi kachagua nyaya kumi mwenyewe, bila kutuuliza, akamwambia Mama amwonyeshe. Zote kumi zimelia kama vifaranga pale pale mchoro uliposema. Mama wa usafi alikuwa anatufuata na ndoo tupu, anajifanya anapita. Kila kikilia anaminya mdomo asishangilie.

Kisha wakaingia ndani: mkaguzi, bosi, Mama, na katibu wa bosi. Mlango haufungi vizuri, bawaba moja imelegea tangu mwaka juzi. Nasikia.

Mkaguzi kauliza mbona ripoti za miaka sita zinasema njia mbili na mchoro unasema moja na nusu. Bosi akasema – kwa sauti tamu kama sharubati – kwamba mchoraji ni mgeni, bado anajifunza, inawezekana amekosea.

Nikasimama. Nikakaa.

Mama akasema hajakosea. Mkaguzi akauliza, una uhakika gani, dari limefungwa na hujaliona? Mama akasema, "Aliyevuta waya ameniambia." Mkaguzi akauliza, na unamwamini? Nilishika ukingo wa benchi. Mtoto akasema, "Ndiyo. Neno lake nimeshalipima."

Sijui niandike nini hapo. Nashukuru. Nashukuru tu.

Mkaguzi akataka kumwona aliyevuta. Mama akasema, ni Mjomba wangu, yuko nje. Bosi akakohoa. Katibu katoka sasa hivi, anatoa nakala za ripoti zile sita. Kaniinamia sikioni: "Dakika tano, Mjomba, halafu unaingia. Jiandae, atakuuliza kwa nini hukumaliza. Kila mtu anamwuliza kwa nini."

Kwa nini. Hilo la waya kuisha nimelisema kwa bosi, kwa Mama, hata kwa mke wangu jana na shati limeshapigwa pasi. Bunda likifika chini siku wajenzi wakifungua, litakuwa bado na waya tele. Litanisuta.

Dakika zimebaki tatu. Niandike hapa kwanza, nione kama kalamu inaweza, labda na mdomo utaweza.

Ilikuwa mchana. Nilitambaa darini vizuri tu, kifua chini, bunda navuta nyuma. Katikati pale tochi ikazimika. Nikatulia. Nikasikia mtu anapumua. Karibu sana, kwa nguvu, kama mtu mnene aliyejificha. Nikazuia pumzi nisikilize – naye akazuia. Nikaanza kupumua – naye akaanza. Nikaacha bunda, nikaacha tochi, nikatoka kinyumenyume na kiatu kimoja, na kwa miaka sita sijapanda tena dari lile.

Hapakuwa na mtu. Nilijua nilipofika chini ya ngazi. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe.